Shimo la Kurukia

Nilipewa somo la michezo kwa sababu nilikuwa na raba. Siku niliyoripoti kwenye ile shule ya msingi, kati ya Kharumwa na Segese, mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, nami nikaona nisiharibu viatu vyangu vya kazini kwenye tope. Mwalimu mkuu alinitazama miguuni kabla hajanitazama usoni, akasema, "Mungu ametuletea mwalimu wa michezo." Mimi nilikuwa nimesomea kufundisha Kiswahili.

Vifaa vyangu vilikuwa filimbi, kamba ya katani, na mpira mmoja uliokuwa ukijazwa upepo asubuhi na kulegea kabla ya saa nne. Kwenye ratiba nilikuwa na vipindi viwili kwa wiki kwa kila darasa. Lakini kipindi kikifika, mwalimu wa Hisabati alikuwa anachungulia mlangoni na kusema, "Mwalimu, naomba hicho kipindi chako." Kuomba gani huko, na chaki ameshaishika mkononi? Darasa la nne wana mtihani, darasa la saba wana mtihani, na hakuna mtihani unaomwuliza mtoto kama anaweza kukimbia. Mwanzoni nilikuwa nagomba. Baadaye nikazoea, na nikikumbuka sasa naona kuzoea ndiko kulikonimaliza.

Kilichoniamsha ni msichana mmoja wa darasa la sita. Mbele ya shule palikuwa na mfereji mpana wa maji ya mvua, na wenzake wote walizunguka hadi kwenye daraja la magogo. Yeye alikuwa anarudi nyuma hatua chache, anakimbia peku, anauruka na daftari zake kifuani, kisha anaendelea na safari kana kwamba hakuna lililotokea. Nilimsimamisha, nikamwambia aruke tena. Akaruka. Nikapima kwa hatua zangu, nikapima tena kwa sababu sikuamini.

Kwenye mashindano ya kata aliwaacha wote mbali. Nikaanza kuota ndoto za mchana: wilaya, mkoa, kisha labda sekondari yenye kocha, bweni na chakula. Tatizo lilikuwa mama yake. Alikuwa anaponda mawe mwaloni, pale penye maji wanapoosha unga wa mawe kutafuta dhahabu, na alitaka mikono ya binti yake imsaidie. Nilimfuata asubuhi moja. Alikuwa amekaa juu ya kiroba, nyundo mkononi, nywele nyeupe kwa vumbi.

"Mwangaluka, mwalimu," alinisalimia Kisukuma, kisha akanisikiliza bila kuacha kugonga. Nilipomaliza alisema, "Mimi sikatai. Akichaguliwa huko wilayani, asome mpaka achoke. Asipochaguliwa, usinifuate tena. Nitamchukua tuponde."

Nilikubali. Nilijua mtoto yule hashindwi, ila alihitaji mahali pa kutua. Kuruka chini, yaani ule mchezo wa kukimbia na kujirusha mbele, kunataka shimo la mchanga, maana mtoto akitua kwenye ardhi ngumu hujifunza kuogopa. Kwa hiyo Ijumaa moja niligoma kutoa kipindi changu. Niliwaambia darasa la sita waje na majembe, tukachimba shimo pembeni mwa uwanja. Udongo wa juu ulikuwa mwekundu. Chini yake ukaja wa kijivu, wenye chembechembe za mawe meupe, na sikuufikiria hata kidogo. Mimi ni mtu wa vitenzi na nomino.

Wakati watoto wanabeba mchanga kutoka korongoni, yule msichana alinijia na ndoo. "Mwalimu, naomba udongo wa kusiribia nyumba. Ukuta wetu umebanduka."

Nilimjazia mwenyewe. Nilichota ule wa kijivu kwa sababu ulionekana laini, nikaushindilia kwa viganja mpaka ndoo ikafurika, nikamtwika. Nilikuwa na furaha siku ile, niseme ukweli. Jioni aliporudi aliruka mara sita, na kila mara alitua chini sana, magoti yamekunjwa, akicheka na mchanga mdomoni.

Mama yake alipoumwagia maji ule udongo, macho yake yakafanya kazi yaliyoizoea. Badala ya kuusiriba ukutani aliuosha kwenye karai, akakuta chembe za dhahabu. Simlaumu kwa hilo. Mwanamke aliyeponda mawe miaka yote hiyo hawezi kuona udongo akaona ukuta tu. Alimwambia kaka yake, kaka yake akawaambia wenzake, na siku ya nne nilikuta wanaume wamesimama ndani ya shimo langu la kurukia na sururu. Kufika Jumatatu iliyofuata lilikuwa rashi kamili, ule mmiminiko wa watu wanaokimbilia mahali penye fununu ya dhahabu. Walikuja kwa bodaboda kutoka Katoro, kutoka Segese, wengine hata sijui kutoka wapi. Goli moja waling'oa wakalifanya nguzo ya turubai.

Mkutano wa kijiji uliitwa. Mwalimu mkuu alisema shule itapewa fungu lake la mawe, na kwa fungu hilo tutapaua madarasa mawili. Watu wakapiga makofi. Nilinyoosha mkono nikauliza watoto watachezea wapi. Mzazi mmoja mzee akasimama taratibu.

"Mwalimu, watoto wetu wanachota maji, wanalima, wanachunga ng'ombe. Bado unataka wakimbie?"

Watu walicheka sana. Mimi nilikaa chini nikiwa nimejaa hasira. Ofisini mwalimu wa Hisabati aliniambia, "Mchimba kisima huingia mwenyewe," akacheka, kisha akaniomba kipindi changu cha saa tano.

Haikupita wiki mbili, wachimbaji wakatuma mtu kwa mwalimu mkuu kuhusu filimbi yangu. Walisema kwenye maduara, yaani mashimo yao marefu ya kushuka chini, mluzi ni mwiko. Ukipiga mluzi, dhahabu inashtuka na kuhama. Nilidhani mwalimu mkuu atacheka. Alinyoosha mkono juu ya meza yake, akasubiri mpaka nikaivua shingoni. Akaifungia kwenye droo pamoja na mihuri. Tangu hapo nikawa nafundisha michezo kwa kupiga makofi, ukutani kwa darasa la pili, kwenye kivuli chembamba cha jengo, na watoto wakaambiwa wasishangilie.

Msichana wangu tulimpeleka kando ya barabara ya changarawe. Hapakuwa na mahali pengine. Nilikwangua changarawe kwa jembe, nikamwaga ndoo chache za mchanga, na upepo wa magari ukaupeperusha. Alikuwa anaruka vizuri bado, lakini nilimwona anabadilika. Siku ya kwanza alichunika magoti yote mawili. Baada ya hapo akaanza kutua akiwa amesimama wima, miguu ikitangulia kutafuta ardhi. Anayetua hivyo anajikata umbali mwenyewe. Nilimwambia, nikamfokea, nikamwonyesha kwa mfano nikiwa na sketi yangu mbele ya madereva wa bodaboda. Alikuwa anaitikia, "Ndiyo, mwalimu," na mwili wake unakataa.

Nilimnunulia raba kwa ajili ya mashindano ya wilaya. Kule kulikuwa na shimo zuri la mchanga, pana, lililosawazishwa kwa reki. Nilimnong'oneza, "Huu ni mchanga. Hauumi." Alikimbia vizuri kuliko wote, akanyanyuka juu kuliko wote, halafu angani akakumbuka barabara. Alitua wima. Mara tatu aliruka, mara tatu alitua wima, na akawa wa nne. Walichukua watatu.

Mama yake hakunikumbusha makubaliano yetu. Juma lililofuata mtoto hakuja shuleni, na mimi sikwenda kumfuata.

Rashi ilidumu miezi michache. Mawe yalipoacha kutoa kitu walisema ni shule iliyoleta nuksi, wakafunga turubai zao wakaondoka. Fungu la shule lilipaua nusu ya darasa moja. Uwanja ulibaki maduara matupu yenye maji ya kijani chini, na tukauzungushia miiba ili watoto wasitumbukie. Filimbi nilirudishiwa, ila sasa nafundisha michezo ubaoni. Nachora shimo, nachora mchanga, nachora mtoto, na darasa linanakili.

Siku ya kuhama kwake na mama yake, yule msichana alikuja ofisini. Alikuwa anamfuata mama yake kwenye rashi nyingine, upande wa Katoro. Mikono yake ilikuwa imepasuka na nywele zimejaa vumbi jeupe. Alishika raba zake, zimefuliwa, kamba zimefungwa pamoja.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba."

Aliziweka mezani. Kisha akapiga goti, kama wanavyofanya mabinti wa huku mbele ya mkubwa, akasema akitazama sakafu, "Mwalimu, nisamehe. Uwanja niliuharibu mimi. Ule udongo niliupeleka nyumbani mimi."

Niliuona mkono wangu ukishindilia ile ndoo. Nilikuwa na nafasi ya kumwambia kwamba ni mimi niliyechagua mahali pa kuchimba, ni mimi niliyechota, ni mimi niliyemtwika. Lakini walimu wenzangu walikuwa wameinua vichwa wananisikiliza, na nilikuwa nimechoka kuwa mkosaji.

Nikamwambia, "Haya, mwanangu. Nimekusamehe."

Akanishukuru, akainuka, akaenda zake.