Moto Ambao Sikuukanyaga

Nakumbuka Ijumaa moja, mwanangu, kabla sijahamia hapa Jeddah. Nilikuwa dereva kule Riyadh, kijana ambaye mdomo wake haukuwa na breki.

Mzee Yani, Mgiriki aliyekuwa fundi wa magari ya bosi wetu, alikuwa ametuonyesha picha ya mama yake akipita juu ya makaa, miguu mitupu, amekumbatia sanamu iliyochorwa ya Mtakatifu Konstantino. Kijijini kwao hufanya hivyo kila mwezi wa Mei, ngoma zikilia, na hawaungui. Mimi nikashika hilo moja tu, kwamba hawaungui.

Ijumaa hiyo tulikuwa tunachoma nyama nje ya mji, Wakenya watupu. Wafula, mdogo wetu kuliko wote, alikaa kando akitazama simu yake. Mama yake alikuwa mahututi huko Bungoma. Nikamwambia, "Wewe Wafula, ungekuwa na imani kama hao Wagiriki, ungepita juu ya makaa haya na mama angepona." Nilikuwa natania, au ndivyo nilivyojidanganya. Wenzangu wakacheka. Wafula akavua viatu.

Jamani, zile kelele zake!

Hospitalini akanishika mkono. "Kaka, nimeungua kwa sababu sina imani. Sasa mama atakufa?"

Mzee Yani alipokuja kumwona, alinivuta kando. Hakupandisha sauti.

"Wewe ulitangulia?"

"Hapana, mzee."

"Kwetu kiongozi ndiye huingia kwanza. Na haingii mtu asiyeitwa na mtakatifu. Wengine husimama pembeni wakaomba. Wewe ni nani hata umwite mtoto wa watu?"

Nilitamani ardhi inimeze.

Mama yake alifariki kabla Wafula hajaweza kusimama. Nimemwambia mara ngapi kwamba ni ugonjwa uliomuua, si imani yake! Yeye hunijibu kwa upole, "Sawa, kaka," nami najua haniamini. Mpaka leo naona haya hata kumpigia simu.

Basi sikiliza, mwanangu. Mwenzako akiwa na mgonjwa, mpelekee chai, kaa naye, omba naye. Usiipime imani yake, wala usimtume mahali ambapo wewe mwenyewe huthubutu kwenda. Neno ulilolisema kwa mzaha, yeye anaweza kuishi nalo maisha yake yote.

Mungu akulindie ulimi wako, na amtue Wafula mzigo niliomtwika mimi. Amina.