Ukungu wa Chupa ya Wifi

Wifi yangu, dada wa mume wangu, kazini wanamwita Bi Ukungu, na wa kulaumiwa ni asidi. Yeye hutengeneza sabuni ya maji ya kuoshea uso, yenye asidi ya kuondoa ngozi iliyokufa, na bosi wake anaitaka iwe angavu kama maji ya kunywa. Sasa asidi hiyo na maji hawapatani. Inajifanya imeyeyuka, inakuchekea, halafu ikionja baridi tu inajitenga, na chupa nzima inakuwa kama maji yaliyooshewa mchele.

Bosi alichoka. Alisema ikitia ukungu tena wanaachana nayo, naye arudi kujaza chupa. Wifi yangu, kujaza chupa! Mtu anayenusa manukato akakwambia yamezidi tone moja!

Safari hii aliiyeyusha asidi kwanza kwenye kiyeyushi vuguvugu, akaimimina taratibu ndani ya sabuni, akakoroga kwa upole povu lisije likainuka. Akaja na chupa nyumbani, akailaza kwenye friji yetu kati ya nyanya na maziwa.

"Atakayeigusa nitamwosha uso kwa asidi tupu," akatangaza. Mume wangu akawa anaomba ruhusa kuchukua maji ya kunywa.

Asubuhi akaitoa, akaiweka mezani, akaenda kuvaa viatu. Aliporudi alipiga yowe. Chupa ilikuwa nyeupe pe! Akakaa sakafuni, kiatu kimoja mguuni.

"Basi tena, wifi. Nimekwisha."

Machozi yalinitoka. Nampenda sana huyu mwanamke, ingawa simwambii asije akavimba kichwa.

Mama mkwe akatoka jikoni, mikono imejaa unga. "We mwanangu, umeifuta?"

"Nifute nini, mama? Imeharibika ndani!"

Mama akaipangusa kwa pindo la nguo yake. Ukungu wote ukaishia kwenye nguo! Lilikuwa jasho la friji tu, nje ya chupa. Ndani mlikuwa angavu kabisa, hata maua ya kitambaa cha meza tuliyaona ng'ambo ya pili.

"Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka," mama akasema, akarudi kwenye unga wake.

Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Wifi akambusu mama, akaibusu chupa, akatoka mbio kuelekea kwa bosi, kiatu cha pili mkononi. Nami nikamkimbilia nyuma na kitambaa, maana chupa ilikwishaanza kutoka jasho tena.