Springi ya Kushoto

Fundi mmoja wa Mbeya hakuwa na desturi ya kuuliza gari ni la mwaka gani. Aliiuliza springi yenyewe. Mwaka hamsini na nne, Edmund, dereva aliyeleta gari dogo la mbio la bwana wake kutoka Iringa, alimwona akizisimamisha springi zake mbili kuukuu ubaoni, akihesabu mizunguko kwa kidole, akipima unene wa chuma kwa uzi. Ya kushoto ilikuwa imefupika nusu kidole.

“Nani hukaa kushoto?”

“Hakuna, fundi. Naendesha peke yangu.”

Edmund aliyakumbuka magunia ya viazi aliyozoea kuyapakia kiti cha kushoto kule Nyololo, ambayo bwana wake hakuwa na habari nayo. Fundi alizigonga springi mpya kwa spana huku amefumba macho, akatenga iliyo ngumu kuliko zote.

“Hii nafunga kushoto,” alisema. “Huyo asiyekaa hapo ni mzito.”