Kadi Nne za Georgette

Georgette aliuza ndagala, dagaa wakavu, katika soko la Base Camp, kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, na waliomzunguka pale sokoni walimjua kwa mambo mawili: hakupandisha sauti hata akichokozwa, na kila alipokosa mteja alikuwa na kitu cha kusoma mkononi. Akikosa gazeti, alisoma maandishi ya kwenye mfuko wa unga. Kwao Bijombo, Kongo, kwenye milima iliyo juu ya Uvira, alikuwa amefika mwaka wa nne wa sekondari. Mumewe Habiyaremye, mfugaji ambaye hakujua hata kuandika jina lake, alijivunia jambo hilo mbele ya wageni kana kwamba ni ng'ombe mwingine wa maziwa.

Mwaka 2019 kijiji chao kilichomwa moto. Habiyaremye aliuawa mlangoni pa zizi, mkewe akimwona. Georgette akakimbia akiwa amemshika mkono Nathalie, kitinda mimba wake, aliyekuwa na miaka saba. Wakubwa wawili walikuwa nyuma, hatua kumi hivi: Patient, mvulana wa miaka kumi na minne, na Umwiza, msichana wa miaka tisa. Ukungu ulikuwa mzito asubuhi ile. Aliwasikia wakikohoa kwa moshi, kisha hakuwasikia tena. Alipogeuka hakuona mtu. Aliita mpaka wenzake aliokuwa akikimbia nao wakamziba mdomo, wakisema atawaua wote.

Tangu alipofika Uganda, majina ya watoto hao wawili yalikuwa kwenye ofisi inayotafuta watu waliopotea. Kila baada ya miezi michache alikwenda kuuliza. Jibu lilikuwa lile lile, na karani alilitoa kwa upole ule ule: bado.

Basi Desemba iliyopita, maktaba moja ya umma mjini Mbarara ilileta kambini mpango wake wa kusoma wakati wa likizo ndefu. Ulikuwa wa watu wa rika zote, kuanzia watoto wa miaka mitatu hadi wazee wenye mikongojo. Kila aliyejiandikisha alipewa kadi yenye mistari kumi. Ukimaliza kitabu, unakwenda kumweleza mtunza vitabu kilichomo, naye anagonga muhuri kwenye mstari mmoja. Mwisho wa Januari, waliojaza kadi zao wangepelekwa Mbarara kupewa vyeti, na kila mmoja begi na taa ya jua.

Vitabu vya Nakivale viliwekwa katika chumba cha mabati karibu na kanisa, chini ya uangalizi wa Déo, mwalimu wa zamani kutoka Uvira. Georgette alikwenda siku ya kwanza kabisa, akiwa bado na magamba ya samaki kwenye vidole.

"Karibu, mama," Déo alisema na kufungua daftari. "Familia yote itasoma?"

"Yote."

"Bana bako ni bangapi?"

"Batatu," Georgette alijibu. Hivyo ndivyo alivyojibu sikuzote. Hakuwahi kuwa na jibu jingine.

"Majina?"

Hapo ndipo angeweza kusema kwamba wawili wamepotea. Alitaka kusema. Lakini Déo alikuwa ameshainamisha kichwa, kalamu juu ya karatasi, na tangu atoke kwao hakuna mtu aliyekuwa amemwuliza majina hayo kwa kutaka kuwapa watoto wake kitu. Kule ofisini majina hayo yaliulizwa kwa habari ya kupotea kwao tu. Akayataja: Nathalie, Umwiza, Patient Muhirwa. Umri? Akakokotoa kimoyomoyo. Kumi na tatu. Kumi na tano. Ishirini. Walikotoka? Bijombo. Akatoka na kadi nne.

Nathalie alizikuta mezani alipotoka kuchota maji. Akazisoma moja moja, akazirudisha kama zilivyokuwa.

Kuanzia siku hiyo Georgette alisoma kama mtu aliyeajiriwa kusoma. Alifungua meza yake mapema ili apate saa moja ya utulivu kabla ya wanunuzi. Vitabu vilirudi vikinuka ndagala, naye Déo akavianika dirishani bila kulalamika. Kwa Patient alichagua habari za injini, umeme na mabwawa, maana mvulana yule alikuwa hawezi kuona kitu kimefungwa kwa skrubu asikifungue. Kwa Umwiza alichukua vitabu vya picha, vya wanyama na mashangazi wachekeshaji, akavimaliza vitatu kwa siku mbili. Kwenye cha nne akakwama. Alikuwa amekaa mezani, kitabu kimefunguliwa kwenye picha ya sungura, alipotambua kwamba anamsomea mtoto wa miaka tisa. Umwiza wa miaka kumi na tano angependa nini? Hakujua. Alimtazama msichana wa rika hilo akipita na ndoo, akajaribu kumvalisha sura ya mwanawe, ikakataa kukaa. Alikirudisha kile kitabu akamwomba Déo kingine, cha wasichana wakubwa.

"Yeye mwenyewe haji?" Déo aliuliza.

"Anaona haya. Atanieleza, nami nitakueleza."

"Na Patient?"

"Iko na kazi mingi."

Kanuni ilitaka msomaji aje mwenyewe. Lakini Déo aliona furaha ya kukutana na mtu anayesoma kweli, akagonga muhuri. Georgette alijifunza kusema kwa niaba yao. Patient hakuridhika na sura ya mwisho, alisema. Umwiza alicheka hapa, akalia pale. Akisema hivyo uso wake ulikuwa ukichangamka, na Déo, ambaye hakuwahi kufika nyumbani kwake, aliamini kila neno.

Kadi ya Nathalie ilipata mihuri mitatu ikakoma hapo. Wiki ya Krismasi ilipita, na ya Mwaka Mpya. Siku moja mama yake alimwuliza mbona hasomi tena.

"Nasomea nani?" Nathalie alijibu. "Wewe unasomea bantu benye hawako. Ukitoka sokoni unaniuliza kama ndoo imejaa. Kitabu changu haujaniuliza hata kimoja."

"Usiseme hawako."

"Basi beko wapi, mama? Sema, niende kubaita kula."

Georgette aliinua mkono, na kabla haujashuka aliurudisha akaufunga kwenye kitenge. Walikula wakiwa wamepeana migongo. Kesho yake alisoma kitabu cha tisa cha Patient.

Siku ya vyeti ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa Januari. Basi lililokodiwa liliwachukua wasomaji wa Nakivale mapema, likapita Kaberebere, na kabla ya saa nne walikuwa mjini. Nathalie alikataa kwenda. Georgette alivaa kitenge chake cha kanisani, akaketi safu ya tatu ukumbini, kati ya mzee Rwakabuba, aliyejaza kadi yake akiwa na miaka sabini na moja, na mama mmoja mwenye mapacha.

Alikuwa hajafikiri kwamba majina yatasomwa kwa sauti. Alidhani vyeti vitagawiwa kwa Déo, naye atavibeba nyumbani kimya kimya. Lakini msimamizi wa mpango, mwanamke wa Mbarara aliyeitwa Kyomugisha, alishika kipaza sauti akaanza kuita, jina na mahali mtu alikotoka, na ukumbi ukawa unapiga makofi kwa kila anayesimama. Georgette aliitwa, akaenda, akapokea.

"Patient Muhirwa, wa Bijombo!"

Hakuna aliyesimama.

"Patient Muhirwa!" Makofi yaliyokuwa yameanza yakafa. Kyomugisha aliangalia karatasi yake. "Umwiza, wa Bijombo? Hii ni familia moja. Hawa watoto iko wapi?"

Déo alimgeukia Georgette akitabasamu, akingoja. Nyuma mtu akasema, "Majina hewa hayo," na wachache wakacheka. Kambini neno hilo si la mzaha. Kuna watu waliofutwa kwenye orodha ya chakula kwa kuandikisha wasiokuwepo. Georgette akasimama.

"Hawapo," alisema. "Vitabu nilisoma mimi. Vyote. Hawa ni watoto wangu na walipotea."

Kyomugisha alishusha kipaza sauti. Hakuwa mtu mbaya, lakini wafadhili walikuwa wameketi mstari wa mbele. "Pole sana, mama," alisema polepole. "Lakini sisi tunaandika mtu ambaye anakuja. Mambo ya watu hewa hapa hapana. Hii vyeti nitarudisha." Aliviweka kando vile viwili, akaendelea na jina lililofuata. Déo hakuwa akitabasamu tena. Alikuwa akiyatazama magoti yake.

Georgette alitoka nje, akasimama kwenye kivuli cha ukuta. Hapo ndipo mwanamume wa miaka arobaini hivi, mwenye mikono myeusi kwa grisi isiyotoka kwa sabuni, alipomfuata, akivua kofia. Alisema anaitwa Ngabo, anatengeneza pikipiki kule Ruti, na amemleta binti yake kuchukua cheti.

"Mama, unisamehe. Patient huyo, alikuwa na kidole kidogo cha mkono wa kushoto kilichopinda?"

Georgette alimkazia macho.

"Alituambiaka alivunjika akichunga," Ngabo aliendelea. "Alisema mama yake ni Georgette."

"Yuko wapi?"

Ngabo alizungusha kofia mikononi. Alieleza kwamba walishuka pamoja kutoka milimani kuelekea bonde la Ruzizi, kundi la watu kumi na wawili, na mvulana huyo aliwakuta njiani siku ya pili akiwa peke yake. Dada yake alimponyoka kwenye ukungu, alisema, naye Patient akarudi kumtafuta mpaka giza likaingia. Mara mbili alitaka kurudi tena, wakamshika. Siku ya tano homa ikampata. Hawakuwa na dawa wala mahali pakavu pa kulala. Walimbeba kwa zamu.

"Tulimzika karibu na shamba la mihogo. Mimi na wengine wawili. Tulisali. Nilitaka sana kumwambia mtu wa kwao, lakini ningemwambia nani? Leo nimesikia jina nikasema, siwezi kukaa kimya."

"Na msichana?"

"Sijui, mama. Kweli sijui."

Georgette alikaa chini pale pale kwenye saruji. Ngabo akakaa kando yake, asijue afanye nini na mikono yake, mpaka basi lilipopiga honi.

Alipofika nyumbani, Nathalie alikuwa akimenya viazi. Mama yake alimwambia kwa maneno machache, akiwa bado amesimama mlangoni. Nathalie aliacha kisu. "Nilijua," alisema, kisha akalia kwa kilio cha mtu ambaye hakujua kitu. Watu wa kanisa walikuja siku tatu, wakaimba, wakapika. Siku ya pili Déo alikuja, akasimama uani akiwa na aibu isiyokuwa yake, akasema kwamba Mbarara wameifuta familia kwenye mpango, ila Nathalie anaweza kuendelea kuazima vitabu akipenda. Nathalie alitikisa kichwa kukataa.

Wiki iliyofuata mama na binti walikwenda pamoja kwenye ofisi ya waliopotea. Karani alisikiliza, akaandika jina la Ngabo na namba yake ya simu, akaeleza kwamba faili ya Patient itafungwa. "Ya Umwiza inabaki wazi," alisema. Georgette alitia sahihi mahali alipoonyeshwa.

Walirudi kwa miguu, jua likiwachoma mabega. Njia nzima Nathalie alikuwa akipiga kokoto kwa kiatu. Walipofika kwenye kona ya kisima aliuliza, bila kumtazama mama yake:

"Umwiza alikuwaje? Mimi simkumbuki. Namkumbuka Patient kidogo. Yeye, hapana. Hata sura."

Georgette alisimama. Miaka sita alikuwa akidhani kwamba Nathalie naye anamkumbuka dada yake.

"Alikuwa mweupe kukupita," alianza. "Hakupenda maziwa ya moto. Alikuwa akisema..." Akakatiza, kwa kuwa sauti ya mtoto yule, ambayo asubuhi zote pale sokoni alidhani anaisikia, haikuja. Wanawake wenye madumu waliwapita wakiwasalimu. Nathalie alingoja. Mama yake akafungua mdomo, akajaribu tena tangu mwanzo.