Mwiko Ulioingiza Giaboksi Asembo Bay

Siku yangu ya kwanza gereji, Kisumu, mwanzoni mwa miaka ya themanini, Foromani hakunionyesha spana. Alinionyesha mteja aliyesimama langoni. "Tazama hayo macho," alisema. "Anaamini tutamwibia kifaa kizuri tumwekee kibovu. Wote wako hivyo. Zoea."

Nilizoea. Cheti changu nilikipata kwa masomo ya jioni, nikisinzia hadi mwalimu akadhani naitikia kila neno, na baada ya miaka michache nikawa fundi wa kutumwa nje. Kazi iliyonikomaza ilikuwa Asembo Bay, kwa Mama Akinyi, mchuuzi wa samaki. Giaboksi ya pikapu yake ilikuwa imekufa. Alikuwa amenunua nyingine ya mtumba, lakini kuleta gari gereji alikataa katakata. Foromani akaniambia, "Kafanyie kwake. Akilalamikia gari, usirudi." Nami nilikuwa nimeoa majuzi tu!

Nilimkuta Mama ameketi kwenye stuli karibu na gurudumu, sufuria mapajani. "Kila nati iingie hapa, fundi. Nahesabu." Ile giaboksi ya mtumba alikuwa ameipaka alama ya rangi ya kucha, nyekundu, ili nisiibadilishe. Niifiche wapi, Mungu wangu, na ilikuwa nzito kuliko kiboko?

Injini hatuitoi, vijana. Unaiwekea jeki na kipande cha mbao chini yake, isije ikainama. Unamwaga oili, unafungua propela, ule mhimili unaopeleka nguvu nyuma, kisha kebo ya klachi na bolti za giaboksi, halafu unaivuta nyuma polepole. Nilibadilisha pia sahani ya klachi. Lakini macho ya Mama yalinikimbiza, nikaifunga kwa kukisia. Ile giaboksi ya mtumba ikagoma kuingia. Nilisukuma mara elfu.

"Nilijua!" Mama akasimama. "Hiyo si ya gari yangu. Umebadilisha!"

"Alama yako si hii, Mama?"

"Rangi ya kucha inauzwa kila duka!"

Ndipo nikaelewa kosa langu: sahani haikukaa katikati, na chombo cha kuilengea nilikuwa nimekiacha Kisumu.

"Mama, naomba mwiko wa ugali."

"Mwiko? Umeshindwa na gari, sasa unataka kunipikia?"

Nilichonga mpini wake hadi ukaenea kwenye tundu la katikati ya sahani, nikalegeza klachi, nikailenga, nikakaza. Giaboksi ikateleza ndani kama kidole kwenye pete. Mama akatambaa chini ya gari, akaikagua alama, kisha akaendesha hadi sokoni na kurudi.

"Gari iko sawa," alisema. "Lakini mwiko umeharibu. Hiyo nitamwambia mkubwa wako."

Alimwambia kweli. Foromani alicheka hadi akashika ukuta, akamtumia mwiko mpya. Mimi nikabaki kazini, nikahamishiwa Awasi, nikawa foromani, na baada ya miaka thelathini na ushei nikastaafu.

Muda si mrefu giaboksi ya gari langu nayo ikafa. Vijana niliowafunza mwenyewe wakaja kuibadilisha nyumbani. Nawaamini kama wanangu. Hata hivyo niliketi karibu na gurudumu, sufuria mapajani, huku mke wangu akizunguka nyumba nzima akiuliza ni nani amechukua rangi yake ya kucha.