Mlango wa Materniti Uliokwenda Mjini Kupakwa Rangi

Nilikwenda Kisangani kutafuta mlango. Msicheke. Ninyi wakubwa wa hapa kijijini mnaujua, lakini watoto wenu wanausukuma kila siku bila kujua ulikotoka, ndiyo maana naandika.

Materniti yetu, nyumba ya wanawake kuzalia, miaka ile ya mwisho ya Wabelgiji, ilikuwa na kuta, bati na kitanda. Mlango haikuwa nao. Mbuzi waliingia walivyotaka. Mke wa mwalimu alizaa huku beberu amesimama miguuni pake anatafuna mkeka. Na mjukuu wangu Veronika alikuwa na mimba ya kwanza, tumbo limeshashuka, akaniapia: “Koko, mimi sizai mbele ya mbuzi. Nitaenda kuzalia pori.” Yule mtoto iko kichwa ngumu kama mimi. Angekwenda kweli, na porini tumezika wengi.

Mlango wenyewe tuliwahi kuwa nao. Marehemu mume wangu aliutengeneza kwa mti mwekundu, akachonga samaki chini yake. Alikuwa fundi mzuri wa milango na mbaya wa samaki: yule samaki alitoka kama chura mwenye mkia. Kisha akaja msimamizi wa kazi za serikali upande wetu, bwana mnene mwenye sauti tamu, akasema mlango wa serikali haufungwi bila rangi ya serikali, na rangi iko mjini. Akaondoka nao. Halafu Wabelgiji wakakubali watu weusi wachaguliwe wakubwa wa komini, yaani wa sehemu za mji, yule bwana akaomba kura mjini, akashinda, akawa burgumestre. Wakamwita Papa Mwangaza, kwa sababu aliapa kwamba serikali yake haitaficha kitu. Mlango wetu haukurudi.

Asubuhi ya kuondoka nilijaza kitunga samaki wa kukaushwa kwa moshi, maana kwetu huwezi kwenda kwa mkubwa mikono mitupu. Kila fungu nililifunga kwa kamba ya pori na fundo langu mwenyewe, lile la kupindua mara mbili alilonifundisha mama yangu. Veronika alinisindikiza mpaka mtoni ameshika kiuno. “Koko, usikawie.” Nikamwambia abane miguu.

Pale Yangambi, kwenye kupanda masuwa, karani wa boti alinusa kitunga.

“Mama, hii samaki iko na tiketi?”

“Tangu lini samaki anakata tiketi?”

“Bon. Kama haina tiketi, inajilipia yenyewe.” Akabeba mafungu mawili, na bado akaniambia asante.

Bandarini Kisangani, polisi alinizuia kabla sijakanyaga nchi kavu vizuri. Alitaka kupima kama samaki wangu ni wagonjwa.

“Wamekufa, baba. Wamekauka. Watakuwa wagonjwa wa nini?”

“Ndiyo ile tunataka kujua, mama.”

Akapima karibu kitunga chote. Nilimwachia na baraka zangu, zile za kinyume.

Mchana nilifika mtaa wa Kabondo kwa mjukuu wangu Antoine, kaka yake Veronika. Huyu ndiye wa kwanza wa ukoo wetu kuvaa viatu siku ambayo si Jumapili. Alikuwa karani na mkalimani wa Papa Mwangaza mwenyewe, na Kifaransa chake kilikuwa kinateremka kama maji ya maporomoko. Nilipita nyumba zote za jirani nikiwaeleza watu hayo, hata wale ambao hawakuuliza. Mke wake alinipa lituma ya ndizi na sombe ya majani ya muhogo, nikala, ndipo nikamwambia habari ya mlango. Antoine aliacha kutafuna.

“Koko, usizungumze mlango pale ofisini. Papa Mwangaza hapendi neno lile.”

“Kwa nini?”

“Utaona kesho.”

Kesho yake niliona. Ofisi ya Papa Mwangaza haikuwa na mlango! Aliung'oa yeye mwenyewe mbele ya watu siku ya kuapishwa, ili kila mtu aone serikali ikifanya kazi. Na kweli tulimwona: ameketi, anapiga muhuri, anapangusa jasho, anapiga muhuri. Watu walitazama kama sinema. Nikamnyooshea fungu langu la mwisho. Akarusha mikono juu kama nimemnyooshea nyoka.

“Hapana, mama! Hapa hatupokei zawadi! Watu wote wako mashahidi!” Halafu akainama, akaninong'oneza: “Zawadi inapita nyuma.”

Nikazunguka nyuma. Kulikuwa na ghala dogo la matofali lenye kufuli tatu, na mlango wake ulikuwa wa mti mwekundu, umepakwa rangi ya kijani. Nikainama. Chini kabisa, chura mwenye mkia alikuwa ananitazama.

Niliketi pale chini mbele yake. Mume wangu alikohoa vumbi la ule mlango msimu mzima ili wanawake wa kwetu wazae kwa heshima, kumbe unalinda vitu vya huyu! Mlinzi akaniuliza, “Mama, unaumwa?” Nikasema ndiyo.

Mchana ule ule walikuja wageni wa nchi za mbali, wazungu wa aina aina, kutazama namna watu weusi wanavyojitawala. Papa Mwangaza alipenda wageni kuliko mvua. Mimi niliwekwa mstari wa mbele na wamama wa kupiga makofi, kwa sababu nina meno mazuri. Akahutubia: “Hapa kwangu hakuna mlango! Ninyi ni rafiki zetu, mwende mkawaambie wafalme na maraisi wenu, hapa kila kitu iko wazi!” Antoine akageuza kwa Kifaransa. Makofi.

Nikasimama. “Na ule wa nyuma, wenye kufuli tatu?”

Mama mmoja mzungu, kofia pana kama ungo wa kupepetea mchele, akamuuliza Antoine nimesema nini. Antoine akatoa maneno mengi matamu, mzungu akatabasamu. Kifaransa sijui, lakini tabasamu lile halikuwa la swali langu.

“Antoine,” nikasema, “sema nilichosema. Dada yako atazalia pori.”

“Koko, kazi yangu…”

“Sema, ama nitawaeleza wageni hawa ulikojoa kitandani mpaka umri gani.”

Wamama wakaangua kicheko. Mtoto wa watu akatazama viatu vyake, akasema. Nilijua amesema kweli kwa namna Papa Mwangaza alivyogeuka rangi ya majivu. Mama wa kofia alishatangulia kuelekea nyuma.

Lakini yule bwana hakuchaguliwa bure! Kufika ghalani, sauti yake ilikuwa tamu tena. “Kumbe ni wewe, mama! Mlango wenu rangi imekauka leo leo! Nilikuwa namtafuta mwenyewe nimpatie!” Akanikumbatia, picha ikapigwa. Kufuli zikafunguliwa, mafundi wakang'oa mlango, na ghala likabaki wazi.

Ndani kulikuwa magunia ya chumvi, bendera za kila nchi zimekunjwa, na picha za wafalme na maraisi kadhaa, za kutundika kufuatana na mgeni aliyekuja. Wageni walianza kutafuta kila mmoja wa kwao. Juu ya magunia kulikuwa samaki wa kukaushwa, na fundo la kupindua mara mbili. Samaki wangu walikuwa wamefika kabla yangu. Tena walikuja kwa gari.

Nikachukua mafungu yangu, hakuna aliyenizuia.

Jioni Antoine aliambiwa kazi yake imekwisha. Nililia, yeye akasema, “Koko, ulitaka mlango, tubebe mlango.” Tuliulaza juu ya mtumbwi, mimi nikaketi juu yake kama bibi harusi, Antoine anapiga kasia amevaa viatu vyake, mkewe anashika kitunga. Mto ulitupeleka nyumbani wenyewe. Tukaufunga pale materniti siku tuliyofika. Leo Antoine anafundisha watoto wenu, na nani kati yenu analalamika?

Nilichojifunza ni hiki: mkubwa akikuonyesha kile alichokifungua, mshukuru, halafu zunguka nyuma.

Siku Veronika aliposhikwa na uchungu, alikuja mjumbe wa Papa Mwangaza na nyundo na kibao cha kusema mlango ni zawadi yake. Mvua ilikuwa inanyesha. Nilichungulia nikamwambia, “Ndani wanaume hawaingii, na mlango haupigwi nyundo mwanamke akiwa anazaa. Ngoja hapo.”

Nikafunga. Akangoja mpaka mtoto akalia, ameshika kibao chake, yeye na beberu, wote wawili nje.