Marashi kwa Mzungu wa Barafu

Tangu wanunuzi binafsi wa kambamiti waruhusiwe kuingia kijijini Salale, fundi wa mashine yao ya barafu ni Mwingereza mwenye matundu mengi sikioni na sauti inayokwaruza kama ya mtu asiyepona mafua. Akikaza nati, mguu hupiga sakafu. Akipumzika, vidole hupiga ndoo. Siti, mwanafunzi wa sekondari, ameshasikia kaseti ya bendi aliyoimbia zamani: kelele tupu, we, kama mabati yanaezuliwa! Redioni haikupigwa hata siku moja. Waliimba kwenye vyumba vya chini ya mabaa huko Uingereza, mpaka bendi ikavunjika, na tangu hapo hajaimba mbele za watu. Siti alipomwomba aimbe kwenye harusi ya dada yake, aliweka spana chini, akakubali.

Siku ya harusi akaimba, mishipa ya shingo imemtoka. Alipomaliza, hakuna aliyepiga kigelegele. Bibi yake Siti akainuka na mrashi wake, akamnyunyizia marashi usoni, kama atunzwavyo mwimbaji. Mzungu akafumba macho na kubana midomo kama anayechomwa sindano.

"Kha! Kwani marashi yangu yananuka?"

Siti akatamani ardhi ipasuke. Mzungu akajipangusa shavu, akanusa vidole.

"Samahani, bibi. Kule kwetu, walioipenda bendi yetu walitutemea mate jukwaani."

"Mate?" Bibi akamtazama kwa huruma. "Maskini mwanangu!" Akamnyunyizia tena, kichwani na mabegani. "Siti, hebu muulize, wimbo mwingine anao?"

"Ninao," Mzungu akajibu mwenyewe.